Tshopo: Katika pori majike ndio wanachagua, lakini bunduki inachagua mbele yao

KISANGANI – Kila asubuhi mitumbwi inatoka Lubunga na kuvuka muto Kongo kuja upande wa Makiso. Wamama wanaleta pondu, makaa na ndizi. Wanafunzi wanashika madaftari juu ya magoti ili maji yasiyaguse. Safari inachukua dakika chache tu, na hakuna mutu mwenye anaiona kuwa jambo kubwa.

Lakini kuko wanyama wawili, ndugu wa karibu sana, wenye muto huu umewatenganisha kwa zaidi ya miaka milioni moja. Upande wa kulia, katika mapori ya Yangambi, Banalia na Bafwasende, anaishi sokomutu. Upande wa kushoto, mbali nyuma ya Lubunga, katika mapori ya Opala na ya muto Lomami, anaishi bonobo. Wote wawili hawajui kuogelea, na muto umekuwa mupaka wao.

Mutu mwenye anawaona kwa mbali anaweza kuwachanganya. Hata wataalamu waliwachanganya kwa muda murefu. Ni mwaka wa 1929 tu ndipo Ernst Schwarz alitazama mifupa ya kichwa yenye ilikuwa imewekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, kule Ubelgiji, na akaona kwamba kuko tofauti. Mwaka wa 1933, Mumarekani Harold Coolidge akaandika kwamba bonobo ni aina yake yenyewe, hapana sokomutu mudogo.

Hata hivyo, tofauti kubwa kati yao haiko katika mifupa. Inaonekana wakati unauliza swali moja: siku ya kupandana inapofika, nani anachagua?

Watu wengi wanacheka wakisikia swali kama hilo. Lakini kwa jimbo la Tshopo, ambako nyama ya pori inaingia sokoni karibu kila siku, jibu lake ni la maana. Linaonyesha ni munyama gani akiuawa pori linapoteza munyama mumoja, na ni yupi akiuawa pori linapoteza familia nzima.

Ukingo wa kushoto: majike wanashikana

Sehemu kubwa ya mambo yenye tunajua juu ya bonobo wa pori yalipatikana hapa hapa Kongo. Kuanzia miaka ya 1970, Mujapani Takayoshi Kano na wenzake walifanya kazi huko Wamba, katika teritware ya Djolu, leo jimbo la Tshuapa. Wanakijiji wa huko, Wabongando, walikuwa na muiko wa zamani wa kutokula bonobo, na kwa sababu hiyo wanyama hawakuwaogopa watu sana. Vita vya miaka ya 1990 vilisimamisha kazi hiyo kwa miaka kadhaa, kisha ikaanza tena. Katika teritware hiyo hiyo kuko pia Kokolopori, ambako Martin Surbeck na wenzake wanafuata bonobo kutoka asubuhi mupaka jioni, pamoja na wapiga njia wa vijiji vya karibu.

Walichoona ni hiki. Binti wa bonobo anapokua, anaacha kundi la mama yake na kwenda kutafuta kundi lingine. Kijana dume anabaki nyumbani. Kwa hiyo katika kundi lolote, majike wakubwa si ndugu wa damu. Ni wageni wenye walikuja mumoja mumoja, kila mumoja kutoka kwao, kama vile mabibi wenye wameolewa katika kijiji kimoja.

Mutu angefikiri kwamba wageni hawa watakuwa wazaifu. Ni kinyume. Wanakaa pamoja, wanachanana manyoya, wanagawana matunda, na dume akijaribu kutumia nguvu juu ya mumoja wao, wengine wanakuja mbio. Mwaka wa 2025, Surbeck na wenzake walitoa hesabu yenye ilikusanywa kwa miaka 30 katika makundi sita. Katika ugomvi kati ya majike na madume, majike walishinda mara 61 kwa mia. Na wakati majike waliungana ili kupigana, mara 85 kwa mia waliungana juu ya dume.

Kumbuka kwamba dume wa bonobo ni mukubwa na muzito kuliko jike. Akiwa peke yake na jike mumoja, ana nguvu zaidi. Chenye kinamushinda si mwili wa jike mumoja. Ni umoja wao.

Kwa hiyo dume wa bonobo hawezi kulazimisha. Lazima akubaliwe. Anakuja karibu, anaonyesha kwamba anataka, anasubiri. Jike akigeuka na kuondoka, mambo yamekwisha.

Mwili wa jike pia unamusaidia. Kwa sokomutu na bonobo, sehemu ya nyuma ya jike inavimba na kuwa na rangi ya waridi wakati anakaribia siku za kushika mimba. Kwa sokomutu, alama hiyo inasema ukweli wa kutosha: dume anaweza kukisia siku. Kwa bonobo, uvimbe unakaa muda murefu zaidi, na siku yenyewe ya kushika mimba haijulikani wazi. Dume hawezi kujua ni wakati gani amulinde jike ili wengine wasimukaribie. Kulinda majike wote siku zote ni kazi yenye hakuna dume anaiweza.

Mama mukwe wa pori

Katika vijiji vyetu, kijana akitaka kuoa, haendi peke yake. Familia inamusindikiza, wajomba wanazungumuza, mali inatolewa. Bonobo hawana mali, lakini wana mama.

Mwaka wa 2019, Surbeck na wenzake walitangaza jambo lenye lilishangaza wengi. Walipima ni dume gani amezaa watoto gani, kisha wakaangalia kama mama wa dume huyo alikuwa angali katika kundi. Matokeo: dume wa bonobo mwenye mama yake yuko karibu ana nafasi mara tatu zaidi ya kuzaa watoto kuliko mwenye mama yake hayuko.

Mama anafanya nini? Anamupeleka kijana wake karibu na majike wengine, kwa sababu yeye mwenyewe anakaa nao. Dume mwingine akija kuwasumbua kijana wake na jike, mama anamufukuza. Na wakati mwingine anaenda kuvuruga madume wengine wenye wanapandana, ili kijana wake apate nafasi. Watafiti waliangalia jambo hilo hilo kwa sokomutu pia. Huko, kuwa na mama hakuongezi watoto wa kijana.

Sababu inaeleweka. Kwa bonobo, mama ni mutu wa nguvu katika kundi, na neno lake linasikika. Kwa sokomutu, madume ndio wanatawala, na mama hawezi kusimama mbele yao.

Hatupaswi hata hivyo kumugeuza bonobo kuwa malaika. Mwaka wa 2024, Maud Mouginot na wenzake walilinganisha madume wa Kokolopori na madume wa sokomutu wa Gombe, Tanzania. Waliona kwamba madume wa bonobo wanagombana wao kwa wao karibu mara tatu zaidi kuliko madume wa sokomutu. Na wale wenye ugomvi zaidi walipata majike zaidi. Tofauti ni kwamba dume wa bonobo anapiga dume mwenzake. Ni mara chache sana anathubutu kumupiga jike.

Ukingo wa kulia: njia ngumu zaidi

Sasa tuvuke muto. Upande wa Yangambi, ambako kamera zenye zilitegwa katika pori zimepiga picha za sokomutu, wanyama hawa wangali wanaishi, lakini kwa kujificha. Tabia zao zinajulikana zaidi kutoka Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka wa 1960, na kutoka Uganda.

Kwa sokomutu, madume wa kundi moja ni ndugu na wanashikana. Majike mara nyingi wanatembea mumoja mumoja na watoto wao, wakitafuta matunda. Jike mwenye yuko peke yake hana wa kumutetea. Mwaka wa 2014, watafiti wenye walitumia kumbukumbu za Gombe walionyesha kwamba madume wenye walikuwa wakiwapiga majike kwa muda murefu, hata siku zenye majike hawakuwa tayari kushika mimba, walizaa watoto zaidi na majike hao. Kupigwa leo kulimufanya jike aogope kukataa kesho.

Kuko jambo lingine zito zaidi. Madume wa sokomutu wameonekana mara nyingi wakiua watoto wachanga wenye si wao. Mama akipoteza mutoto, anaacha kunyonyesha, na anarudi haraka kuwa tayari kushika mimba. Kwa bonobo wa pori, jambo hilo halijaonekana kama tabia yao.

Hata hivyo, jike wa sokomutu si mutumwa tu. Anapandana na madume wengi, na wataalamu wengi wanafikiri kwamba hiyo ni njia ya kuwalinda watoto: dume mwenye anafikiri mutoto anaweza kuwa wake hatamuua. Wakati mwingine anaondoka kimya na dume mumoja, wanaenda kukaa mbali kwa siku kadhaa, ambako wakubwa hawawaoni. Hata pale ambapo nguvu inatawala, jike anatafuta mulango wa nyuma.

Wanyama wawili wenye damu karibu moja, muto mumoja kati yao, na maisha mawili tofauti. Wataalamu wengi wanatafuta sababu katika chakula: upande wa kushoto, wanasema, matunda na majani ya kula yanatosha kwa majike kutembea pamoja, na bonobo hawagawani pori na sokwe mukubwa mwenye anakula majani hayo hayo. Majike wenye wanatembea pamoja wanaweza kuteteana. Umoja wao ulianzia tumboni.

Ngembo mwenye sauti ya kengele

Mwaka wa 1871, Muingereza Charles Darwin aliandika kwamba majike wa wanyama wengi wanachagua madume, na kwamba uchaguzi huo, kizazi kwa kizazi, unawabadilisha madume. Wanaume wengi wa wakati wake hawakukubali. Walisema jike wa ndege ao wa munyama hawezi kuwa na akili ya kuchagua.

Mwenye bado ana shaka asikilize usiku karibu na muto katika pori letu. Atasikia sauti nzito yenye kurudiarudia, kama mutu anapiga chuma: kwong, kwong, kwong. Si chura. Ni popo mukubwa kuliko popo wote wa bara la Afrika, mwenye wataalamu wanaita popo kichwa-nyundo. Sisi kwa Lingala tunaita popo wote wa matunda ngembo, na wengi wetu tunawajua zaidi katika sufuria.

Dume wa popo huyu anaweza kupita gramu 400. Jike ana karibu nusu ya uzito huo, na sura yake ni ya kawaida, kama mbwa mudogo. Dume ana pua kubwa yenye kuvimba na midomo minene yenye kukunjamana. Ndani ya kifua, kisanduku chake cha sauti ni kikubwa sana mupaka kinasukuma moyo na mapafu nyuma. Mwili wake umegeuka kuwa ngoma yenye mabawa.

Mumarekani Jack Bradbury aliwafuata huko Gabon katika miaka ya 1970. Usiku, madume wengi wanakusanyika kwenye ukingo wa muto, mara nyingine zaidi ya mia moja. Kila mumoja ananing'inia mahali pake, karibu metre kumi kutoka kwa jirani, na wote wanalia na kupiga mabawa. Majike wanapita wakiruka mbele ya mustari huo, kama wamama wenye wanapita mbele ya meza za soko bila haraka. Jike anasimama hewani mbele ya dume mumoja, anamusikiliza, anaenda kwa mwingine, anarudi. Akimukaribia, dume anaharakisha sauti yake sana. Mwishowe jike anatua kwa mwenye amemupendeza.

Bradbury alihesabu. Madume 6 kwa mia ndio walipata mara 79 kwa mia ya kupandana kote. Wengine wote walilia usiku kucha na kurudi bila kitu. Kisha jike anaenda zake, anazaa na kulea peke yake. Dume hatoi chakula wala ulinzi. Anatoa damu yake tu, na jike anaichagua kwa masikio.

Tausi mwenye hana mukia murefu

Mufano wa tatu ni ndege, na historia yake inapita katika sehemu zetu. Mwaka wa 1913, Mumarekani James Chapin alikuwa Avakubi, juu ya muto Ituri. Aliona unyoya katika kofia ya mutu wa kule na hakujua ni wa ndege gani. Aliuchukua na kuuweka kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka wa 1936, alipotembelea Tervuren, aliona juu ya kabati ndege wawili wakavu wenye waliandikwa kama tausi wa kawaida mwenye kufugwa. Unyoya wake ulikuwa wa ndege hao. Mwaka huo huo akatangaza tausi wa Kongo, ndege mwenye wanakijiji walikuwa wakimujua siku zote.

Tausi wa India anajulikana kwa mukia wake mukubwa. Dume anaufungua, majike wanatazama, wanachagua, na dume hashuguliki na watoto. Tausi wetu hana mukia huo. Dume ana rangi ya buluu na zambarau, na manyoya meupe yenye kusimama juu ya kichwa, lakini mukia wake ni mufupi. Sababu inafikiriwa kuwa hii: anakaa na jike mumoja. Jike analalia mayai, dume anakaa karibu na kulinda, na wote wawili wanalea vifaranga. Mambo hayo yalionekana zaidi kwa wale wenye walifugwa katika bustani ya wanyama ya Antwerpen, Ubelgiji, kwa sababu katika pori ndege huyu ni muoga sana.

Hapa jike hachagui dume mwenye kujipamba kupita wote. Anahitaji mwenye kubaki. Na dume naye anapaswa kuchagua vizuri, kwa sababu atatumia nguvu zake kwa familia moja tu.

Mwindaji anachagua nani?

Sasa turudi sokoni.

Mwindaji mwenye bunduki ya kalibari 12 hachagui kama jike. Risasi ni bei kali, kwa hiyo anatafuta munyama mukubwa, mwenye sauti, mwenye hakimbii haraka. Angalia nani huyo.

Kwa bonobo na sokomutu, mara nyingi ni mama. Anabeba mutoto tumboni ao mugongoni, na mbio zake si kama za dume mwenye yuko huru. Jike wa bonobo anaanza kuzaa akiwa na miaka zaidi ya kumi na mbili. Kati ya mutoto na mutoto, inapita karibu miaka mitano. Mama akianguka, mutoto mwenye alikuwa akinyonya naye anakufa, ao anauzwa katika kikapu. Wengine wachache wanaokolewa na kufika Lola ya Bonobo, kule Kinshasa, makao yenye Claudine André alianzisha mwaka wa 1994. Tukikumbuka hesabu ya mwaka wa 2019, kuko hasara nyingine yenye haionekani: kijana wake mukubwa mwenye anabaki porini amepoteza mutu mwenye alikuwa akimufungulia njia ya kuzaa. Na majike wenzake wamepoteza mukono mumoja katika umoja wao. Risasi moja, vizazi viwili.

Kwa popo kichwa-nyundo, sauti yenye inamuita jike inaweza kumuita pia mwenye wavu. Mahali pa kulia panajulikana, na madume wanarudi hapo usiku kwa usiku. Mwenye kuwinda hapo anaondoa kwanza wale wenye wanalia kwa nguvu, na wachache hao ndio baba za karibu watoto wote. Kuko pia hatari kwa mwindaji mwenyewe: popo huyu ni mumoja wa aina tatu zenye wataalamu walikuta mwaka wa 2005, huko Gabon na jirani, na alama za virusi vya Ebola. Kumushika na kumupasua kwa mikono mitupu si jambo la kuchezea.

Kwa tausi, bunduki haina kazi kubwa. Mutego wa waya unatosha, kwa sababu ndege huyu anatembea chini. Mutego haujui kama umekamata tausi ao kuku wa pori. Ukikamata dume, jike anabaki na vifaranga bila mulinzi.

Ni kwa sababu hii kusema tu "wanyama wanapungua" hakutoshi. Makundi mawili yanaweza kupoteza wanyama kumi kila moja, na moja likapona, lingine likafa. Yote inategemea ni nani wametoka na namna gani wenye wamebaki wanazaa.

Si nyama yote ni sawa

Hakuna mutu wa akili mwenye atamuambia baba wa Opala ao wa Bafwasende asiwinde hata kidogo, wakati barabara imekatika, nyama ya ng'ombe haifiki, na watoto wanataka kula. Pori limekuwa soko lake tangu wakati wa mababu. Lakini mababu pia walijua kutofautisha, kama muiko wa Wabongando unavyoonyesha.

Tofauti yenyewe ni rahisi. Simbiliki anazaa watoto kadhaa kwa mara moja, na anaweza kuzaa tena ndani ya mwaka. Mboloko anazaa karibu kila mwaka. Wanyama hao, wakiwindwa kwa kiasi, wanaweza kujaza pengo. Bonobo mwenye anazaa mara moja kwa miaka mitano hawezi. Wataalamu wanakadiria kwamba bonobo wenye wamebaki ni angalau 15,000 mupaka 20,000, na wote wako katika inchi yetu. Hakuna inchi nyingine yenye kuwa na bonobo wa pori.

Sheria inasema jambo hilo hilo kwa maneno yake. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inakataza kuua, kukamata ao kuuza wanyama wenye wanalindwa kabisa, na kati yao kuko bonobo, sokomutu na okapi. Tarehe 7 Julai 2016, serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye iko kati ya Tshopo na Maniema, na ambako bonobo wanaishi. Katika eneo hilo la Lomami ndipo wataalamu walijua lesula, kima mwenye alionekana mara ya kwanza na watafiti mwaka wa 2007 katika muji wa Opala, akiwa amefungwa nyumbani kwa mukubwa wa shule. Alipewa jina la kitaalamu mwaka wa 2012. Dume wake ana sehemu za nyuma za rangi ya buluu kali, na hakuna mutu mwenye alikuwa ameandika juu yake katika kitabu chochote. Hiyo inaonyesha ni mambo mangapi pori letu lingali linaficha.

Vijana wa Univasite ya Kisangani wenye wanasoma biolojia wako karibu na mambo haya kuliko mutafiti yeyote wa Kyoto ao wa Leipzig. Muto wenye unatenganisha sokomutu na bonobo unapita chini ya madirisha yao. Kazi ya kusikiliza ngembo kwenye ukingo wa Lindi ao wa Tshopo haihitaji ndege wala viza. Inahitaji taa, daftari na uvumilivu wa usiku kadhaa.

Na kwa sisi wengine wenye tunanunua tu, kuko swali moja la kuuliza mbele ya kutoa feza, wakati nyama nyeusi ya moshi imekatwa vipande na sura ya munyama haionekani tena: huyu alikuwa nani? Kama muuzaji hawezi kusema, ao hataki kusema, tumuachie. Kule porini, jike wa bonobo anajua kukataa. Hata sisi tunaweza.